Milima ya Uingereza inanigandisha vidole, nifanyeje?

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi, sasa naishi Penrith, kaskazini mwa Uingereza, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Tangu Mei nakimbia milimani na klabu ya hapa mjini. Kiangazi chote sikuwa na shida: kaptura, fulana, chupa ya maji, basi. Ilipoingia Novemba mambo yakageuka. Nusu saa haiishi, vidole vya mikono vimeshakufa ganzi, zipu ya koti inanishinda, na nikirudi kwenye gari vinauma hadi machozi yananitoka. Nikipanda naloa jasho, nikisimama kidogo natetemeka. Kinachonishangaza ni kwamba Uhuru nimeshafika, na Helvellyn ina mita 950 tu, haiupiti sana mji wetu wa Moshi. Baridi hii inatoka wapi?

Kuna kaka mmoja kazini anasema ninunue ile minyororo yenye meno ya kuvalisha juu ya raba, kwamba nikiwa nayo napanda Helvellyn kwenye theluji hata kwa njia ya Striding Edge. Ni kweli? Na kama mwezi huu nina hela ya kitu kimoja tu, kiwe kipi? Halafu zamu zangu zinanipa mapumziko Jumanne na Jumatano wakati wenzangu wako kazini, kwa hiyo mara nyingi nitakuwa peke yangu. Mume wangu hataki hata kusikia. Nimwambie nini?

Nimesahau nywele. Nimesuka, na kofia za madukani huku hazinienei. Zikilowa nashinda nazo mbichi hadi usiku.

Mpanda milima wa Penrith

JIBU

Dada yangu, tuanze na baridi yenyewe.

Baridi ya Kibo ni kali lakini mara nyingi ni kavu, na ulipanda polepole, umevaa koti zito, mzigo wako ukiwa mgongoni mwa mpagazi. Ya huko ulipo ni baridi ya maji. Nyuzi 2 za mvua na upepo humchosha mtu kuliko nyuzi 8 chini ya sifuri za hewa kavu, kwa sababu maji hutoa joto mwilini upesi mara 20 na zaidi kuliko hewa iliyotulia. Piga hesabu ya siku ya kawaida ya Januari. Penrith ni nyuzi 6. Kila mita 100 unazopanda hupunguza nusu nyuzi na ushee, kwa hiyo kilele cha Helvellyn kinakaribia sifuri. Ongeza upepo wa maili 40 kwa saa, ambao huko juu si habari, yaani kilomita 64. Ngozi yako sasa inahisi kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na hapo fulana imeshalowa jasho.

Ukikimbia hufi baridi, kwa sababu misuli inachemka. Hatari inaanza mguu ukiteguka. Jiko limezimwa, nguo zimelowa, na msaada unaweza kuwa saa mbili au tatu mbali. Kwa hiyo vaa nguo za kukimbilia, lakini beba nguo za kukaa chini bila kusogea. Wakimbiaji wengi wa kiangazi hubeba za kukimbilia tu.

Sasa mikono. Tatizo lako huenda halianzii mikononi. Mwili ukiona kifua kinapoa, hupunguza damu ya vidoleni ili uokoe moyo na ini, na hapo glovu yoyote utakayovaa haina joto la kuhifadhi. Kifua, shingo na vifundo vya mikono vikiwa na joto, nusu ya kazi imekwisha. Baada ya hapo vaa tabaka mbili: glovu nyembamba za sufu au za nailoni ndani, na juu yake glovu zisizo na vidole, zile za mfuko mmoja wa vidole vinne, za kitambaa kisichopitisha upepo na maji. Ziwe na nafasi. Glovu inayobana inazuia damu, na wengi hujiumiza kwa kurundika mbili za kubana wakidhani wanaongeza joto. Zifunge kamba kwenye vifundo, maana glovu ikipeperuka kwenye tuta, yaani mgongo wa mlima ulio wazi kwa upepo, huioni tena. Jozi nyingine kavu ikae begini ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu glovu ya ndani ikishalowa, kuirudisha kwenye vidole vilivyokufa ganzi ni mtihani.

Zivae kabla hujaanza kuhisi baridi. Ukishafika pale ambapo zipu inakushinda, umechelewa kama robo saa. Na hizo zipu, zifunge vipande vya kamba vya sentimita 5 hivi, uweze kuzivuta ukiwa na glovu mkononi.

Maumivu ya kwenye gari ni damu inayorudi, hilo ni la kawaida. Usiweke mikono kwenye hita wala kwenye maji ya moto, maana vidole visivyohisi huungua bila kujua. Viweke kwapani. Lakini kama vinakufa ganzi hata ukitoa maziwa kwenye friji, au kimoja kinapauka na vingine viko sawa, mwone daktari wako akuangalie ugonjwa wa Raynaud, ambapo mishipa ya damu ya vidoleni hujibana kupita kiasi kwenye baridi. Kwenye ngozi yetu nyeusi mabadiliko ya rangi hayaonekani kirahisi, kwa hiyo angalia viganja na chini ya kucha, na umwambie daktari hivyo hivyo. Wengine hurudishwa nyumbani kwa sababu tu hakuna aliyeuona huo weupe.

Nywele zilizosukwa hubeba maji mengi, na shingo ndiyo inayolipa. Achana na kofia za madukani. Nunua skafu mbili za bomba, zile za kitambaa kinachovutika: moja shingoni, nyingine ivute juu ya misuko yote uifunge kisogoni. Juu yake ivae kofia ya koti, ambayo iwe na kamba ya kuikaza nyuma ya kichwa. Ukienda dukani kujaribu koti, nenda na nywele zako kama zilivyo na ujaribu kofia hiyo, kisha geuza kichwa kulia na kushoto. Kofia ikibaki mbele wakati wewe umegeuka, liache koti hilo.

Kuhusu jasho: anza safari ukisikia baridi kidogo. Kama una joto la raha pale kwenye maegesho, baada ya dakika 10 za mpando utakuwa umelowa. Panda na fulana ya sufu au ya nailoni yenye mikono mirefu, na kizibao cha upepo kama upepo upo. Pamba iache nyumbani, hata chupi. Kisha, na hili ndilo watu hukosea zaidi, vaa koti kabla ya kilele. Mita 50 hivi chini ya tuta, upande uliokingwa na upepo, simama dakika mbili, vaa koti na glovu za juu, kula kitu, ndipo utoke kwenye upepo. Ukisubiri hadi uko juu, koti linapepea kama tanga, mikono imekakamaa, na joto ulilokuja nalo limeshaondoka.

Kitu kimoja cha mwezi huu? Kama huna koti la mvua la kweli, nunua hilo. La kweli maana yake lina kofia na mishono yake imezibwa kwa utepe kwa ndani. Geuza ndani nje uone. Chama cha wakimbia milima cha Uingereza, Fell Runners Association, huwataka washiriki wa mbio nyingi wabebe koti na suruali za namna hiyo, kofia, glovu, ramani, dira, filimbi na chakula cha dharura, na waamuzi hukagua mabegi. Mitumba inafaa, maduka ya hisani ya Penrith na Keswick huuza makoti ya watu walioacha kupanda. Ila pitisha kidole kwenye utepe wa mabegani. Ukibanduka kama plasta ya zamani, koti limekufa, usidanganyike na jina la kampuni. Kama utepe mzima lakini maji yanazama kwenye kitambaa badala ya kuteleza, hilo linatibika: lifue kwa sabuni maalumu ya nguo za mvua, si unga wa kawaida, kisha lipake dawa ya kuzuia maji.

Kama koti unalo, nunua mfuko wa dharura. Ni mfuko mkubwa wa plastiki, mara nyingi wa rangi ya chungwa, unaoingia mzima mzima. Usichukue ile karatasi nyembamba ya kung'aa ya kujifunika. Kwenye upepo hupasuka na kupeperuka. Pamoja nao beba koti lililojazwa nyuzi za plastiki, ukubwa wa kukaa juu ya koti la mvua. La manyoya ya bata likilowa linabaki tambi.

Viatu. Raba za milimani za huko zinafanana na njumu, na meno ya milimita 6 hadi 8 yanashika matope na majani vizuri sana. Kwenye barafu hayana msaada wowote, na kwenye jiwe laini lililolowa ni kama umevaa sabuni. Hiyo minyororo ya meno anayoisema kaka wa kazini ni kifaa kizuri kwa njia tambarare au ya mteremko mdogo iliyoganda, hasa pale vijito vinapomwagika njiani na kuganda. Inunue. Lakini hapo hapo ndipo mwisho wake. Mteremko ukiwa wa namna ambayo ukianguka hutasimama hadi chini, unahitaji kramponi, yaani vyuma vyenye meno marefu, zilizofungwa kwenye buti ngumu na shoka la barafu, pamoja na ujuzi wa kulitumia kujizuia. Kramponi kwenye raba laini hung'oka, kwa sababu raba inajikunja na chuma hakijikunji.

Kwa hiyo Striding Edge kwenye theluji kwa minyororo: hapana. Ni tuta jembamba lenye miporomoko pande zote mbili. Kushuka kwa Swirral Edge, tuta la jirani yake, ni hivyo hivyo; ile sehemu ya juu kabisa, unapouacha uwanda wa kilele, ni mwinuko mkali unaoganda kama kioo. Kuna jambo lingine ambalo kaka huyo hakulitaja. Pepo nyingi huko hutoka kusini-magharibi, na husukuma theluji kutoka uwandani hadi ukingo wa mashariki, ambapo hujijenga kama paa linaloning'inia hewani bila nguzo. Kwenye ukungu huwezi kujua ardhi imeishia wapi. Kaa mbali na ukingo ule, mita 10 na zaidi. Ukitaka Helvellyn ya theluji, jifunze kwanza. Kituo cha Glenmore Lodge karibu na Aviemore huko Scotland hufundisha matumizi ya shoka na kramponi, na wapo waongozaji wenye vyeti hapo hapo mlimani kwako.

Mpaka wakati huo, una milima tele. Hallin Fell mita 388 na Gowbarrow mita 481, zote kando ya ziwa Ullswater, zinakupa mpando halisi na njia ya kurudi haraka. High Street yenye mita 828 ina mgongo mpana wa majani, mzuri kwa kukimbia hali ikiwa wazi, lakini ukungu ukishuka kila upande unafanana, usiende bila kujua dira.

Ramani unayohitaji ni OL5 ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huko, kipimo cha 1:25,000, ambapo sentimita 4 ni kilomita 1 na milimita 4 ni mita 100. Simu ni nzuri hadi skrini ilowe au betri izimike kwa baridi. Laza ukingo wa dira kutoka ulipo hadi unapokwenda, mshale wa mwelekeo ukitazama unakokwenda. Zungusha sahani hadi mistari yake ilingane na mistari ya kaskazini ya ramani. Kisha iinue dira, geuka wewe mwenyewe hadi sindano nyekundu iingie nyumbani kwake, ndani ya mshale uliochorwa kwenye sahani, na ufuate mshale. Kosa la kawaida ni kuisoma kinyume ukatembea upande wa pili kabisa, kwa hiyo jiulize kila mara: je, natarajia kupanda au kushuka? Na usiiweke dira mfuko mmoja na simu. Sumaku ya simu inaweza kuigeuza sindano ikawa inaonyesha kusini. Hesabu hatua pia: pima mita 100 kwenye uwanja, hesabu kila mguu wa kushoto unapogusa chini. Wengi hupata 60 hadi 70 wakitembea. Namba yako iandike kwenye ramani.

Saa ndiyo inayowakamata wageni. Karibu na Desemba 21 jua la huko huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Tumia kanuni ya William Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 zenye mpando wa mita 800 ni kama saa 3 na dakika 45 kwa mtembeaji. Utakimbia kwa muda mfupi kuliko huo, sawa, lakini panga kwa hesabu ya mtembeaji, kwa sababu ukiumia utakuwa mtembeaji. Saa saba mchana uwe umeshageuka, hata kilele ukiwa unakiona. Tochi ya kichwani beba hata ukitoka asubuhi, na betri ya akiba ikae karibu na ngozi.

Kabla ya kutoka, soma ripoti ya hali ya hewa ya milima ya huko, Lake District Weatherline. Katika msimu wa baridi mtu hupanda Helvellyn kila siku na kuandika hali ya theluji, upepo na joto aliyoikuta juu. Upepo wa wastani ukizidi maili 40 kwa saa, baki mabondeni. Si siku ya tuta.

Chakula: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Tende ndogo 8 zinakupa kama 40, na haziwi jiwe kwenye baridi kama chokoleti. Weka na kashata mbili ambazo huzigusi mpaka umerudi. Hizo ni za dharura. Kama unatumia mfuko wa maji wenye mrija, pulizia maji yarudi ndani kila ukimaliza kunywa, la sivyo yataganda kwenye mrija.

Ukiteguka mguu, fuata mpangilio huu. Usianze na mguu. Vaa kwanza kila kitu ulichobeba, ndani ya dakika mbili za mwanzo, wakati vidole bado vinafanya kazi. Jiburute nyuma ya jiwe, nje ya upepo. Kalia begi, kwa sababu ardhi inakunyonya joto kuliko hewa. Ingia kwenye mfuko ukianza na miguu, viatu usivivue. Kula. Kisha piga 999, omba polisi, halafu uwaambie unataka kikosi cha uokoaji milimani. Vikosi hivyo ni vya watu wa kujitolea na hawatozi pesa, kwa hiyo usisite kwa kuogopa bili. Sauti isipopita, ujumbe mfupi unaweza kupita, lakini lazima namba yako iwe imeandikishwa mapema: leo, ukiwa nyumbani, tuma neno "register" kwenda 999 na ufuate maelekezo. Kisha filimbi: mara 6 ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Wakikujibu utasikia mara 3. Usiache kupuliza kwa sababu wamejibu, wanaifuata sauti.

Ukiwa na mwenzako, msikilize anavyoongea. Akianza kujikwaa, maneno yakavutana, akawa mkali bila sababu, huo si uchovu, mwili wake umeanza kupoa kupita kiasi. Mvalishe, mlishe kitu kitamu, mtoe kwenye upepo. Usimsugue, usimpe pombe. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, hali imekuwa mbaya, piga simu.

Kwenda peke yako: inawezekana, ila kwenye milima midogo, njia unayoijua, chini ya mstari wa theluji. Na klabu yako uliza kama kuna mbio za usiku zenye tochi. Klabu nyingi za huko huwa nazo siku za kazi jioni, na Jumanne au Jumatano yako inaweza kuangukia hapo.

Mumeo usimwambie "nitakuwa salama". Mpe karatasi. Iandike njia utakayopita na utakayorudia, mahali gari lilipo na namba yake, rangi ya koti, saa unayotarajia kuwa chini, na saa ya mwisho ambayo akifika bila kukusikia anapiga 999 bila kujiuliza. Kati ya nyakati hizo mbili uache muda wa saa mbili. Ukishuka, mtumie ujumbe kabla hujavua viatu, maana mabonde mengine hayana mtandao na unaweza kulazimika kuendesha hadi barabara kubwa ndipo uupate. Hilo nalo liandike kwenye karatasi, asije akaamsha kikosi kizima wakati wewe uko kwenye gari unatafuta mtandao.